Kabla Hujamtaja Bingwa, Tazama Nani Anamkinga Kwotabeki

Januari 2023 nilipika sufuria kubwa la pilau, nikalipeleka kwenye ghala ninakofanya kazi hapa Minneapolis, nikawapakulia wenzangu wa zamu ya usiku mmoja baada ya mwingine huku wakinicheka. Nilikuwa nalipa deni. Tangu Novemba nilikuwa nimemtangazia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba Minnesota Vikings, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wangefika fainali ya Super Bowl, na kwamba wasipofika, chakula kingekuwa juu yangu. Vikings walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda mechi 13 na kupoteza 4, na kwa mtu aliyelelewa na ligi ya soka, ambako msimamo wa ligi ndio unaomtoa bingwa, hesabu hiyo ilinitosha kabisa. Tarehe 15 Januari, katika mechi yao ya kwanza ya mtoano, tena wakiwa nyumbani, walifungwa 31–24 na New York Giants, timu iliyokuwa imeshinda mechi 9 tu msimu mzima.

Naandika kwa ajili ya wasomaji wanaoanza kuufuatilia mpira wa Kimarekani, na hasa kwa ajili ya mpwa wangu aliyeko Mombasa, ambaye kila Februari hukesha hadi saa nane na nusu usiku akisubiri fainali ianze, na ambaye kila Septemba huniuliza swali lile lile: "Mjomba, kwotabeki gani atachukua kombe mwaka huu?" Namwelewa, kwa sababu nami niliuliza hivyo kwa miaka mingi. Hata hivyo swali lenyewe limeshapotea njia kabla halijajibiwa, kwa kuwa linamgeuza mchezaji mmoja kuwa timu nzima.

Kwa asiyeujua mchezo, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio, kisha katika muda wa sekunde mbili au tatu anaamua kama atarusha pasi, atamkabidhi mwenzake akimbie nao, au atakimbia mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mbele ya kwotabeki husimama wanaume watano wenye miili mikubwa, ambao kazi yao ni kumkinga asifikiwe. Ligi ya NFL ina timu 32, na 14 kati yao huingia mtoano, ambao kila hatua yake ni mechi moja tu, bila marudiano. Ukilala siku hiyo, umekwenda nyumbani.

Jambo la kwanza ambalo ningepaswa kulitazama kabla sijaahidi pilau ni tofauti ya pointi. Vikings wale wa mechi 13 walifunga pointi 424 na kufungwa 427. Shabiki wa soka akiambiwa kwamba kuna timu imemaliza ligi karibu na kilele ilhali tofauti yake ya mabao ni hasi, atashtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu sikuwa nimefungua ukurasa huo. Katika mechi zao 11 zilizoamuliwa kwa tofauti ya pointi 8 au pungufu, walishinda zote. Tarehe 17 Desemba walikwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa 33–0 dhidi ya Indianapolis Colts, kisha wakashinda 39–36, na hadi hapo hakuna timu iliyowahi kurudi kutoka pengo kubwa kama hilo katika historia ya ligi. Nilisimama sebuleni nikipiga makofi, nikasema huo ndio moyo wa bingwa. Ningejiuliza badala yake timu bora imefikaje kwenye 33–0 nyumbani kwake. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katika uwanja ule ule, Dallas Cowboys walikuwa wamewachapa 40–3, na hilo nalo nililiita ajali.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba tofauti ya pointi haikosei. Msimu wa 2011 Giants walifunga pointi 394 na kufungwa 400, walikuwa na ushindi 7 na vipigo 7 zikiwa zimebaki mechi mbili, na bado wakachukua kombe kwa kuwafunga New England Patriots 21–17. Ninachosema ni kwamba timu yenye hesabu ya namna hiyo inahitaji sababu nyingine ya kuiamini, na Giants walikuwa nayo: kundi la wavamizi wa mbele waliokuwa wakiwafikia makwotabeki wa wapinzani. Vikings wangu hawakuwa na sababu yoyote nje ya bahati.

Tukija kwa kwotabeki mwenyewe, ligi ina kipimo cha upigaji pasi kinachotumika tangu 1973, ambacho kilele chake ni 158.3. Kinakokotolewa kwa mambo manne: asilimia ya pasi zilizofika, wastani wa yadi kwa kila pasi iliyorushwa, kiwango cha pasi zilizozaa tachidauni (yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na kiwango cha pasi zilizonyakwa na wapinzani. Hakihesabu mara ambazo kwotabeki aliangushwa chini na mpira mkononi, hakihesabu mipira iliyomponyoka baada ya kugongwa, wala yadi alizokimbia kwa miguu yake, na hakijui kama zile yadi alizipata timu ikiwa imezidiwa kwa pointi 20 au mechi ikiwa sare dakika ya mwisho. Kirk Cousins, kwotabeki wa Vikings, katika ile mechi iliyonigharimu pilau, alifikisha pasi 31 kati ya 39, akapata tachidauni 2 za pasi, na hakunyakwa pasi hata moja. Mtu akipewa karatasi ya takwimu na kufichwa matokeo, atadhani alishinda. Lakini jaribio la mwisho la Vikings, la nne, lilihitaji yadi 8, naye, wapinzani wakiwa wanamfikia, akamrushia mwenzake T. J. Hockenson pasi iliyofika yadi 3 tu. Katika vitabu vya ligi pasi hiyo imeandikwa kuwa ilifika, kwa hiyo ilimpandishia asilimia huku ikiufunga msimu wetu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kwotabeki Peyton Manning, kwa kuwa ni mtu yule yule katika timu ile ile. Msimu wa 2013 akiwa Denver Broncos alirusha pasi 55 za tachidauni, na timu yake ikafunga pointi 606, mambo ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana. Katika fainali ya Februari 2014 alifikisha pasi 34, rekodi ya Super Bowl kwa wakati huo, na Broncos wakafungwa 43–8 na Seattle Seahawks. Miaka miwili baadaye Manning alikuwa mzee wa mchezo, mwili umechoka: katika msimu wa kawaida wa 2015 alipata tachidauni 9 za pasi na kunyakwa mara 17. Msimu huo ndio Broncos walioshinda kombe, 24–10 dhidi ya Carolina Panthers, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Von Miller, mtu wa ulinzi ambaye siku hiyo hakumpa Cam Newton, kwotabeki wa Panthers, nafasi ya kuvuta pumzi. Ukimpima Manning kwa vikombe, yule wa 2015 anamzidi yule wa 2013, na hakuna aliyewatazama wote wawili atakayekubali hivyo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa pale ghalani, ambaye alicheza mchezo huu sekondari akiwa mkingaji. Alipomaliza sahani yake ya pili ya pilau aliniambia kwamba tatizo langu ni kuutazama mpira. Akanifundisha kutazama matumbo matano ya mbele na kuhesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Wakingaji wakiwa bado wamesimama mbele ya watu wao unapofika tatu, kwotabeki wa kawaida ataonekana bora; ukuta ukipasuka kwenye mbili, hata bora ataonekana wa kawaida. Kamera ya televisheni hufuata mpira, kwa hiyo mwanzoni kazi hii inachosha, na mara nyingi mimi huusubiri mkanda wa marudio ndipo nione vizuri. Baada ya miezi michache, hata hivyo, mtu huanza kuona mechi nyingine kabisa ndani ya mechi ile ile.

Kwa jicho hilo, fainali ya Februari 2021 inasomeka upya. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alikuwa bingwa mtetezi, na wengi tulimwona hashindiki. Wakingaji wake wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Tampa Bay Buccaneers walimkimbiza uwanja mzima, na Chiefs wakamaliza bila tachidauni hata moja, wakifungwa 31–9. Watu walimlaumu Mahomes. Uongozi wa Chiefs haukupoteza muda kwa lawama, bali uliujenga ukuta upya ndani ya miezi michache. Februari 2023 wakingaji hao wapya walikutana na Philadelphia Eagles, waliokuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 msimu huo, na hawakuruhusu Mahomes aangushwe hata mara moja. Chiefs wakashinda 38–35. Halafu Februari 2025 timu hizo zilikutana tena New Orleans, na Eagles wakamwangusha mara 6 kwa kutumia watu wanne tu wa mbele, bila kuongeza mvamizi wa ziada, mpaka mapumziko yakafika wakiongoza 24–0. Matokeo ya mwisho yalikuwa 40–22, na Mahomes ni yule yule.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mtazame kwotabeki wa akiba, kwa sababu Carson Wentz wa Eagles aliumia goti Desemba 2017 na ni Nick Foles aliyewapa Eagles kombe kwa kuwafunga Patriots 41–33, siku ambayo Tom Brady wa Patriots alirusha yadi 505. Angalia pia mishahara: ligi ina kikomo cha jumla ya mishahara ya timu, kwa hiyo Seattle waliowafunga Broncos walikuwa na nafasi ya kuwalipa walinzi wao vizuri, kwa kuwa Russell Wilson, akiwa katika mkataba wake wa kwanza, alikuwa akilipwa chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Na ulinzi ukiwa wa kutisha kweli kweli, kama ule wa Baltimore Ravens wa mwaka 2000 ulioruhusu pointi 165 katika mechi 16, kwotabeki wa kawaida kama Trent Dilfer wao anatosha. Lakini ulinzi wa aina hiyo ni nadra, na kila mwaka kuna mtu anayedhani ameuona.

Nilipojifunza haya nilivuka mpaka upande wa pili, nikawa nawaambia watu kwamba kwotabeki si kitu. Huo nao ulikuwa upuuzi. Tom Brady alishinda vikombe 7 katika klabu mbili, na Mahomes alikuwa na vitatu akiwa na umri wa miaka 28. Hiyo si bahati ya ukuta peke yake. Siku hizi natenganisha maswali mawili ambayo mashabiki huyachanganya, yaani kama kwotabeki ni bora na kama timu yake itashinda mwaka huu. Josh Allen wa Buffalo Bills ametolewa na Chiefs kwenye mtoano mara nne. Katika mojawapo ya mechi hizo, Januari 2022, aliondoka uwanjani timu yake ikiongoza 36–33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Ulinzi wake ukaruhusu sare, Chiefs wakapata mpira kwanza kwenye muda wa nyongeza, wakafunga, mechi ikaishia hapo, na yeye hakuugusa tena. Anayemhesabia Allen kipigo hicho kama doa la ukwotabeki wake anahukumu zile sekunde 13, ambazo yeye alizitazama akiwa kando ya uwanja.

Pamoja na elimu yote hiyo, msimu wa 2024 nilikosea tena, safari hii kwa upande wa pili. Vikings walishinda mechi 14, huku Sam Darnold, aliyekuwa ameshazungushwa katika klabu kadhaa, akirusha pasi 35 za tachidauni. Mkingaji wao wa kushoto, Christian Darrisaw, aliumia goti Oktoba, nami nikaandika jambo hilo kwenye daftari langu. Mwisho wa msimu Detroit Lions waliwafunga 31–9, na kwenye mtoano Los Angeles Rams wakamwangusha Darnold mara 9, wakishinda 27–9. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na bado nilimpigia mpwa wangu simu nikamwambia kwamba Darnold hana roho ya mechi kubwa. Klabu ikamwacha, akaenda Seattle, kwenye timu yenye ulinzi mkali. Februari 2026 Seahawks waliwafunga Patriots 29–13, Darnold akiwa ndiye kwotabeki wao.

Mpwa wangu alinipigia kabla hata kombe halijakabidhiwa, kwake ikiwa karibu alfajiri. Hakusema mengi. Aliniuliza tu kama nimeshaloweka mchele.