Nodi yangu haiuoni muamala wa zamani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeweka Bitcoin Core, programu ya kuendesha nodi, yaani kompyuta inayotunza na kuhakiki rekodi za Bitcoin, kwenye kompyuta yenye diski ya terabaiti 2, na nimeshapakua bloku zote, yaani mafungu ya miamala. Lakini nikitafuta muamala wa mteja wa mwaka 2019 kwa amri ya getrawtransaction, naambiwa haupo. Je, data imeharibika?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Data yako ni nzima. Muamala umo, kinachokosekana ni faharasa ya kuonyesha umo katika bloku ipi. Kabla ya toleo la 0.8, lililotoka mwaka 2013, kila nodi ililazimika kuitunza faharasa hiyo. Toleo hilo likaifanya hiari, kwa sababu kuhakiki miamala mipya kunahitaji tu orodha ya sarafu ambazo hazijatumika. Naupenda sana uamuzi ule. Kwa nini mwenye diski ndogo abebeshwe makumi ya gigabaiti asiyoyahitaji?

Wewe unaihitaji faharasa hiyo. Fungua faili la mipangilio, bitcoin.conf, andika txindex=1 ili kuiwasha, kisha zima programu na uiwashe tena. Tangu toleo la 0.17 faharasa hujengwa pembeni huku nodi ikiendelea na kazi. Zamani ilibidi kuupitia upya mnyororo mzima wa bloku. Nakumbuka nilivyokesha nikiomba umeme usikatike! Ila kama umewasha prune, yaani mpangilio wa kufuta bloku za zamani ili kuokoa nafasi, izime kwanza. Viwili hivyo havikai pamoja, na bloku zilizokwisha kufutwa itabidi uzipakue upya.

Mteja akiwa na haraka, na hashi ya bloku (namba yake ya utambulisho) unaijua, iongeze kwenye amri yako. Muamala utaupata leo hii, bila faharasa.