Usimkatalie baba oksijeni

Dada yangu, umeandika kwamba baba amelazwa hapo Malindi kwa nimonia, daktari ataka kumtia oksijeni, na ami zako wanakataa kwa kuwa "kila atiwaye mtungi hufa." Mkubalini daktari, tena leo.

Mtungi hauui. Wagonjwa wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, mapafu yamejaa, na oksijeni huwa ndicho kitu cha mwisho walichoonekana nacho. Ndipo lawama ikauangukia mtungi. Muombe muuguzi akuonyeshe kile kifaa kinachobanwa kidoleni. Namba ya oksijeni ikisoma chini ya asilimia 90, damu ya baba haipati hewa ya kutosha, na moyo na ubongo vinaumia huku nyinyi mnabishana. Waonyeshe ami zako hiyo namba, itawafahamisha kuliko maneno.

Jengine, asilale chali kutwa. Inueni kichwa cha kitanda, na mumlishe uji akiwa ameketi, polepole, maana ukipita njia ya hewa unaweza kuzua nimonia nyingine juu ya ile. Kinywa chake kisafishwe kila siku. Na nakuomba sana, udi na chetezo vibaki nyumbani. Moto karibu na oksijeni ni hatari kubwa.

Kama alikohoa wiki mbili au zaidi kabla ya kulazwa, ulizia makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Watoto wasiende wodini kwanza, hata wakimlilia babu yao.