Nani atapika? Nilivyotoka hausikipingi nikaenda kusomea unesi na miaka 38

Kila anaejua kama nilianza kusomea unesi na miaka 38 suali lake la kwanza ni umri. Walikukubali na umri ule? Hukuona haya kukaa darasani na watoto? Hakuna hata mmoja aliewahi kuniuliza nani alikuwa anapika nyumbani ile miaka mitatu, na wallahi hilo ndo suali lenyewe. Chuoni walichotaka kwangu ni cheti, tarehe ya kuzaliwa waliijaza kwenye fomu wakapita. Kinachomrudisha mtu mzima nyumbani ni nyumba yenyewe.

Haya nianze nilikotoka. Mie Mpemba wa Wete nimeolewa Unguja, tunakaa Fuoni, na hausikipingi, ile kazi ya kusafisha vyumba na kutandika vitanda, nimefanya miaka 11 kwenye hoteli moja upande wa mashariki. Machi 2020 korona ilivoingia ndege za watalii zikakata, hoteli ikafungwa tukaambiwa tutapigiwa simu, basi tukawa tunakaa na simu mkononi kama wanaongoja mwezi wa Ramadhani. Mwezi wa pili wa kungoja mama akapata kiharusi kule Wete. Nikapanda boti nikaenda kumuuguza, na wodini nesi alikuwa mmoja na vitanda vimejaa, sasa mie simngoji mtu, nambinua mama upande huu nasukuma shuka chafu, natandika safi nusu, nambinua upande ule namalizia na kona zangu nazikunja vile vile kama nilivyozoea. Kugeuka nyuma yule nesi kasimama ananitazama. "Dada, we uko kituo gani?" Nikamwambia mie natandika vitanda vya Wazungu bibi. Akacheka akaenda zake, lakini lile suali nililala nalo usiku ule pale kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama na asubuhi bado lipo.

Sasa cheti. Diploma ya uuguzi na ukunga wanataka ufaulu wa form four na ndani yake iwemo biolojia, kemia na fizikia, masomo ya dini hayahesabiwi. Mie form four nimemaliza 2003, biolojia nilikuwa na D, kemia na fizikia zote F. Kwa hivyo kama na wewe umekaa unasema nitaenda kusoma, kabla ya kumwambia mtu yeyote kafukue kile cheti kwenye kabati ukitazame kwa macho, maana nimeona watu wametangaza mtaa mzima ati wanaenda chuo halafu wanakuta kemia haipo, ikawa maneno. Wapo wanaouza njia za mkato, sijui kozi fupi miezi sita unavaa nguo nyeupe. Ulizia hicho chuo kimesajiliwa wapi na ukimaliza Baraza la Wauguzi na Wakunga litakuandikisha? Kama jibu linazunguka zunguka, toka hapo.

Nikajiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa 2021. Na mwaka ule ule mwanangu Nasra ndo alikuwa form four. Basi mezani kwangu ilikuwa taa moja wanafunzi wawili, yeye ananifundisha kupatanisha milinganyo ya kemia mie namsikiliza biolojia yake, na ikifika fizikia tunakwenda wote tuisheni kwa kijana mmoja wa hapo mtaani ambae mwanzo alikuwa ananiita mama hanikaripii hata nikikosea, nikamwambia mwalimu nikaripie, nimelipa pesa sawa na hawa. Matokeo yalipotoka yeye kapata C ya kemia, mie D. Mpaka leo ananikumbusha.

Hapa ndo nirudi kwenye jiko. Nyumbani kwangu ni mume, watoto watatu, na mama ambae tulimhamishia Fuoni, upande wake wa kulia hauna nguvu. Mume wangu ni seremala, mtu mwema, lakini jikoni alikuwa anajua kuchemsha maji basi. Alisema "soma tu, tutajipanga", na mie kwa furaha nikaamini. Wiki ya kwanza ya majaribio (nilijaribu kabla ya chuo, nikawa natoka asubuhi narudi magharibi kama nasoma kweli, nakushauri na wewe ujaribu hivyo hivyo) watoto walikula urojo jioni nne mfululizo mpaka mdogo akaumwa tumbo. Kujipanga kulikuwa ndo huko.

Nikampigia mdogo wangu Wete. Sikumwambia njoo unisaidie, maana msaada wa bure kwa miaka mitatu hakuna mtu anaeuweza hata awe ndugu yako wa tumbo moja, mwezi wa nne mtagombana tu. Nilimwambia njoo ukae kwangu upike na umtazame mama, mie nitakununulia charahani na utashona hapo hapo barazani, pesa ya ushonaji yako. Nilikuwa kwenye mchezo wa upatu wa watu 20, kila wiki elfu kumi, zamu yangu ilipofika nikaipata laki mbili yangu nikaongezea akiba ya hoteli nikanunua charahani iliyotumika. Akawa anashona yunifomu za skuli, wateja wake wakawa wengi kuliko nilivyotarajia, saivi anae fundi mwanafunzi wake. Zile gharama watu wanazohesabu, ada, vitabu, sare, nauli, mie pia nilizihesabu, lakini charahani ile ndo iliyonisomesha. Na hili ongea nalo kabla, liwekwe wazi, nani anapika nani anampeleka mtoto chuo cha Kurani nani anamuosha mama siku ambayo we uko zamu, mpaka vitu vidogo vidogo. Mume wangu saivi anapika wali wa nazi. Unaungua chini lakini anapika.

Nilisoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, skuli ya afya kule Mbweni, wengi bado wanapaita Chuo cha Afya. Darasani umri ulinisumbua siku tatu za mwanzo, nikazoea. Waliniita Mama Nasra, nikawa nawauzia visheti na sambusa wakati wa mapumziko, wakawa wananisaidia kompyuta. Lugha ya kufundishia Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha "good morning, more towels?", kwa hivyo anatomia nilikuwa naisoma mara mbili, kwanza kama lilivyoandikwa halafu namhadithia mama kwa Kiswahili usiku nikiwa namsugua mguu, na mama akawa ananiuliza maswali magumu kuliko walimu. Ati damu ikirudi juu kwenye moyo inapandaje? Nikakaa. Kesho yake nikaenda kuuliza zile vali za kwenye mishipa.

Hesabu usiziogope lakini usizidharau. Dripu ya mililita 1000 iingie kwa saa 8, na ule mpira unatoa matone 20 kwa mililita moja: 1000 mara 20 ni matone 20,000, gawa kwa dakika 480 unapata 41 na kitu, unaweka 42 kwa dakika, halafu unasimama na saa unahesabu. Vijana wanafanya kwa simu. Mie nilikuwa nafanya kwenye karatasi mpaka nikawa nafanya kichwani, kwa sababu hotelini nimehesabu mashuka ya dobi miaka 11 na nikikosea nakatwa.

Kuna kitu kimoja nakiomba usikipite haraka. Sindano. Mwaka wa pili nikiwa kwenye mazoezi ya wodini nilijichoma na sindano iliyokwisha kutumika, kosa langu mwenyewe, nilitaka kuirudishia kifuniko chake. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kunyamaza, yani mtu mzima mama wa watoto watatu nataka kuficha kama mtoto aliyevunja gilasi! Nikanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka nikaenda kusema. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa uanze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora, unameza siku 28. Nilizimeza zote, zinachosha, chakula hakipiti, na vipimo vyangu Alhamdulillahi vilikuwa salama. Chanjo ya homa ya ini B nilikuwa nishamaliza, ni dozi tatu, ya mwanzo, baada ya mwezi, na ya tatu mwezi wa sita, kwa hivyo ukipata barua ya chuo tu anza, usingoje uingie wodini ndo uulize. Na ongea na mume au mke wako kabla halijatokea, maana zile siku 28 dawa unameza wewe lakini mzigo mnaubeba wawili.

Ualimu wa wodini sasa. Inchaji wangu wa mwanzo, yani nesi msimamizi wa wodi, alikuwa binti wa miaka 26. Alinituma kitu mbele za wagonjwa kwa sauti ambayo mie nyumbani natuma nayo watoto, damu ikanipanda. Nikaenda kusimama chooni nikahesabu matone. Kumbe alikuwa sahihi, yule mgonjwa presha ilikuwa inashuka na mie nilikuwa namalizia kukunja kona ya shuka. Hii ndo tabu ya kuja na ufundi wa kazi nyingine, mkono unakimbilia kile unachokijua. Shuka linaweza kungoja.

Lakini kuna mahali umri unafanya kazi yake. Mgonjwa wa kwanza kutufia zamu yetu alikuwa bibi mmoja mtu mzima sana, alfajiri, tulikuwa wanafunzi watatu na nesi wa zamu. Wale wenzangu wawili mikono inawatetemeka, mmoja alitoka nje. Mie nimeshaosha maiti mitaani, nimeshakaa misiba isiyo na idadi. Nikamfumba macho, nikamfunga taya kwa bendeji, nikamnyoosha mikono na miguu kabla haijakaza, na binti yake aliekuwa anamuuguza amesimama pale hajui ashike nini. Nikamwambia mwanangu mwambie mamako maneno yako, bado yuko hapa na sisi. Hakuna somo la chuo lililonifundisha hilo, na yule nesi wa zamu aliniambia baadae kama yeye maneno kama yale yamemchukua miaka kuyapata. Usidhani unaanza sifuri.

Na lugha za mikono nimezipata hotelini. Nilipopelekwa mazoezi Pemba, hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, wapo madaktari wa Kichina, timu zao zinakuja Zanzibar tangu 1964, basi wenzangu wanababaika na mie naelewana nao kwa vidole na uso kama vile naongea na mgeni wa chumba namba saba aliekosa taulo.

Mwili sitakudanganya. Magoti yanasema. Viatu nunua vizuri hata ulale njaa. Miwani ya kusomea nilikataa mwaka mzima kwa kibri tu, mpaka siku nikakamata kichupa cha dawa mara mbili tatu maandishi siyaoni, na maandishi ya vile vichupa ni madogo kama mchanga, mwalimu akaninyang'anya kimya kimya. Siku ile ile jioni nikaenda Darajani kununua. Ukishapita 40 kapime macho kabla ya kuingia wodini, hapo hapana aibu, ni dawa ya mgonjwa hiyo unayoishika. Baada ya zamu ya usiku kijana analala masaa manne akaamka mzima, mie nahitaji sita, na Fuoni kwetu mchana ni hodi hodi mpaka jua lizame, kwa hivyo mama yangu ndo mlinzi, anakaa kitini mlangoni na fimbo yake anawaambia watu "dokta kalala".

Nimemaliza 2025. Kazi haikuja kesho yake, nimejitolea kituo cha karibu na nyumbani huku natazama nafasi zikitangazwa, na mshahara wa kujitolea unaujua mwenyewe, ndo mana visheti bado nauza. Miezi hiyo pia itie kwenye hesabu, usiishie kwenye ile miaka mitatu.

Juzi shoga yangu mmoja tuliekuwa nae hotelini kanitumia voisi ndefu, nae ana miaka 40, anarudia kemia mwaka huu, anataka aandike barua ya kuacha kazi sasa hivi ili asome vizuri. Nikamwambia usiandike. Mtihani Novemba, matokeo Januari, na hapo kati ndo msimu wa wageni wenye tipu. Tandika vitanda vyao mpaka uone ile D kwa macho yako, na hizo tipu kanunue charahani.