Mwaka wako Israeli: chagua kazi moja ukae nayo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haitulii. Ni vijana wa jamii yetu wanaotaka kwenda Israeli kujitolea mwaka mmoja kabla ya chuo. Sisi Wayahudi wa Nyandarua ni familia chache tunaojuana kwa majina, kwa hiyo aliyetangulia ndiye anayeulizwa. Karibu wote huanza na swali lilelile: huko nitaona nini? Nami huwauliza: huko utafanya kazi gani, na utairudia mara ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu mwanzo nilikosea. Miezi miwili ya kwanza nilirukaruka. Wiki hii nipo kwa wazee, wiki ijayo nafunga mifuko ya chakula, nyingine niko matembezini. Siku ya tatu tu baada ya kufika nilikwenda Ukuta wa Magharibi, mahali petu patakatifu pa kusalia kule Yerusalemu. Nikaweka viganja kwenye mawe, nikangoja. Waliokuwa kando yangu walikuwa wakilia. Mimi sikusikia kitu, nikarudi bwenini nikiamini kwamba moyo wangu una kasoro. Nakusimulia mapema ili na wewe yakikupata usikate tamaa.

Mambo yalibadilika nilipoomba nipelekwe mahali pamoja, kila Jumanne, hadi mwisho wa mwaka. Nilipelekwa kuvuna mboga na Leket, shirika lililoanzishwa mwaka 2003 ambalo hukusanya chakula ambacho kingepotea, likakigawa kwa wenye uhitaji. Jina lake ni neno la Kiebrania la kuokota masazo, kazi aliyoifanya Ruthu katika shamba la Boazi. Shamba letu lilikuwa karibu na Rehovot. Niliposhuka kwenye basi nikaona udongo mwekundu, nilitaka kuinama niunuse. Mimi ni mtoto wa viazi na kabeji. Wenzangu kutoka Marekani walikuwa wanauliza karoti inang'olewaje, nami nikawaonyesha: shika majani karibu na shina, tikisa kidogo, ndipo uvute.

Jioni tulisoma Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, wawili wawili, kwa sauti, kama wanavyosoma kule. Nilimwomba rabi anianzishie sura za Pea, zinazohusu pembe za shamba. Sheria yenyewe nilikuwa nimeisikia tangu utotoni katika Mambo ya Walawi 19: usivune pembe za shamba lako, usiokote yaliyoanguka, waachie maskini na mgeni. Lakini kwetu tukishachimba viazi tunapita tena na jembe, halafu watoto wanapita mara ya tatu na ndoo, hadi kile kidogo kama gololi. Sikuwahi kuona kwamba sheria inatuhusu. Mishna haikuniachia pa kujificha, maana inaingia hadi kwenye hesabu. Pembe isipungue moja kwa sitini ya shamba. Masuke mawili yakidondoka pamoja ni ya maskini, matatu ni ya mwenye shamba. Jumanne iliyofuata nilijikuta nahesabu kila kilichonidondoka.

Kisha tukafika kwenye mganda uliosahauliwa. Torati inasema ukisahau mganda shambani usirudi kuuchukua, umekuwa wa mgeni, yatima na mjane. Wahenga wetu wanasimulia katika Tosefta, kitabu kinachoandamana na Mishna, habari za mcha Mungu mmoja aliyesahau mganda. Alifurahi kiasi cha kumtuma mwanawe akatoe sadaka ya ng'ombe dume wawili. Mwana akashangaa: kwa nini amri hii ikufurahishe kuliko zote? Baba akamjibu kwamba amri nyingine tumepewa tuzitimize kwa kujua, lakini hii hutimia bila sisi kujua. Hapo ndipo nililia, kwenye meza ya plastiki, mbele ya mwenzangu wa kusoma ambaye hakujua aniambie nini. Kule ukutani nilikuwa nimekwenda nimejipanga kuguswa. Amri hii haikubali kupangwa.

Kwa hiyo ratiba yako iachie pembe. Wazazi na walezi wa programu watataka kujaza kila saa. Wakatalie kwa adabu siku moja kwa wiki. Na usome sheria ya kazi uliyoichagua. Ukiwasaidia wagonjwa, tafuta marabi walisema nini kuhusu kumtembelea mgonjwa. Kujitolea bila kusoma kulinichosha, na kusoma bila kutoa jasho kulinipandisha kichwa.

Ya safari ni machache. Anza makaratasi ya visa mapema sana. Yangu yalikaa ofisini miezi bila jibu na nikakosa wiki tatu za mwanzo. Jifunze kusoma herufi za Kiebrania ukiwa bado nyumbani. Beba sweta, Yerusalemu ni baridi Januari. Mjini humo Ijumaa jioni king'ora hulia dakika 40 kabla ya jua kuzama, kutangaza Sabato, kwa mlio ulionyooka. Ule unaopanda na kushuka ni wa hatari, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa uliza mahali pa kujikinga palipo.

Watakuwepo pia watakaokutazama ngozi na kukuuliza kama kweli wewe ni Myahudi. Inauma, sitakudanganya. Nenda kwenye Sigd, sikukuu ya Wayahudi wa Ethiopia, siku 50 baada ya Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo tangu 2008 ni sikukuu ya taifa kwa sheria ya bunge. Panda kilimani Armon Hanatziv, Yerusalemu, uwaone viongozi wao wa dini chini ya miavuli ya rangi, na maelfu wakisali wakielekea mji. Bibi mmoja alinishika mkono, akanipa mkate, hakuniuliza chochote.

Nilirudi nyumbani msimu wa kuchimba viazi. Nikamweleza baba habari za pembe. Nikamweleza pia kwamba kwa maelezo ya rabi, nje ya nchi ile hatubanwi na sheria hiyo. Baba akasema, "Kwani kuna aliyetukataza?" Akauliza ni kiasi gani. Nikamwambia moja kwa sitini. Shamba letu lina matuta 80. Akasimama akipiga hesabu kwa vidole, akaacha mawili ya upande wa barabarani, akaweka jembe begani. Jumapili asubuhi mama jirani, ambaye ni mjane, alikuja na ndoo na wajukuu wawili.