MBA au uzamili wa ununuzi na ugavi?

Mdogo wangu, umesema una miaka minne kitengo cha manunuzi hapo halmashauri, na unajiuliza usome MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara) au uzamili wa ununuzi na ugavi. Kwa hali yako, chukua ununuzi na ugavi. MBA inamfaa zaidi anayetaka kuhama fani au kushika uongozi wa jumla. Wewe kazi hii unaipenda, umeandika mwenyewe.

Ila kabla hujalipa ada, CPSP, yaani cheti cha kitaalamu cha ununuzi na ugavi, unayo? Kisheria mtaalamu wa ununuzi anatakiwa asajiliwe na bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB, na matangazo mengi ya kazi za ugavi yanaulizia usajili huo. Kama bado, maliza kwanza mitihani ya bodi. Uzamili utasubiri.

Halafu omba mtaala wenyewe, usiishie kwenye jina la kozi. Tafuta usimamizi wa mikataba, uandaaji wa nyaraka za zabuni, tathmini ya wazabuni, na mafunzo ya NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, maana zabuni za serikali ndiko zinakopita sasa. Ukikuta nusu nzima ni masoko na rasilimali watu, hiyo ni MBA iliyobadilishwa jina. Hakikisha pia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inaitambua kozi hiyo. Chuo Kikuu Mzumbe wanayo kozi ya ununuzi na ugavi, anza kuulizia huko, na uulize kama wana masomo ya jioni.