Anayekutaka Atakuuliza Mnafika Saa Ngapi

*Shangazi, shikamoo.*

*Miaka 12 iliyopita nilisoma shahada ya uzamili nchi ya mbali. Tulikuwa wanne, tumepanga nyumba moja, tunapika kwa zamu na kulia kwa zamu. Leo kila mmoja ana familia yake na mji wake. Mwaka huu mimi, mume wangu na watoto wetu wa miaka 9 na 4 tuna likizo ya siku 16, na njia yetu inapita miji yote mitatu wanakoishi wenzangu. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba tunakuja. Wawili wakajibu "Karibuni sana!", wa tatu akaweka kopa jekundu tu. Huyo wa tatu alibaki kusoma uzamivu, akaacha njiani, na tangu hapo ni salamu za sikukuu basi. Mume wangu naye anasema hii si likizo, ni ziara ya ukaguzi. Nimpunguze nani? Na nikikaa mbele ya huyo wa tatu, nitasema nini?*

*Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka hapo kwenye ukaguzi, lakini mumeo ana hoja. Hebu piga hesabu nami. Mkilala siku tatu kila nyumba, tisa zimekwenda. Toa siku nne za barabarani na angani: kwenda, kurudi, na kuhama mji mara mbili. Zinabaki tatu, na hizo tatu ndizo unazoita likizo. Kama mnakwenda nchi ambako saa zimepishana sana na za kwenu, wasafiri hukadiria kwamba mwili unahitaji kama siku moja kwa kila saa ya tofauti ndipo uzoee. Huyo wa miaka 4 hajui makadirio. Ataamka saa tisa usiku, akae katikati ya sebule ya watu, adai katuni. Kwa hiyo mahali pa kwanza mtakaposhukia pasiwe kwa rafiki yeyote. Laleni mahali penu siku mbili tatu, mlegee, mgombane kidogo, ndipo mwende kwa watu.

Sasa nikueleze kilichonikuta mimi. Mwaka fulani nilimpeleka marehemu mume wangu kwa rafiki yangu wa chuo. Tulikaa saa tatu nzima, mimi na huyo rafiki, tukimwiga msimamizi wetu wa tasnifu alivyokuwa akivua miwani kabla ya kukukatalia sura nzima. Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu alisoma gazeti la siku hiyo, akalirudia, akahamia kwenye matangazo ya zabuni. Mume wa rafiki yangu alikuwa jikoni, na ilifika wakati nikaanza kusikia sahani zinavyowekwa: mwanzo taratibu, baadaye kwa sauti. Sikuelewa. Nilidhani nimeenda kumwona rafiki yangu. Kumbe nilikuwa nimeingia nyumba ya watu wanne, na watatu kati yao hawakunijua.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018 akikadiria kwamba watu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja hadi wawe marafiki wa karibu. Ninyi wanne mliokaa nyumba moja mlizipata saa hizo bila hata kujua. Shemeji zako hawana hata moja. Ukimwona shemeji amenuna, usiseme ana roho mbaya. Anatakiwa ampende kwa siku moja mtu ambaye mkewe alimzoea kwa miaka. Muulize kazi yake, umsikilize mpaka mwisho, na umwache akueleze rafiki yako wa sasa, maana yeye ndiye anayemjua. Wewe unamjua wa miaka 12 iliyopita.

Stori za zamani mtapiga, nani atawazuia? Ila zitengeeni muda wenu. Mumeo awachukue watoto asubuhi moja, wewe na mwenzako mtoke mkatembee, mseme yote, mwige kila mtu. Mkirudi, mrudi mmeshiba hayo. Asubuhi inayofuata wewe ubaki na watoto wote wa nyumba hiyo, wenye nyumba wapumzike. Hakuna zawadi ya sandukuni itakayoshinda hiyo.

Kuhusu kulala kwao, mimi nina msimamo, na wasomaji wengine watanuna: familia ya watu wanne isilale kwa watu ila wenye nyumba wamesisitiza zaidi ya mara moja na wametaja chumba. Nimewahi kukaribishwa nyumba ambayo binti wa miaka sita alihamishwa kitandani kwake ili nilale mimi. Saa tatu usiku alisimama mlangoni na mto wake kifuani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Unaondoka lini?" Mama yake alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi nilimjibu mtoto ukweli: kesho kutwa. Akahesabu kwa vidole, akaridhika, akaenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nadhani hata hizo mbili walikuwa wakarimu.

Ndiyo maana sijapenda ulivyotangaza kwenye kundi. Kwenye kundi kila mtu atasema "Karibuni sana", atasema nini kingine mbele ya wenzake? Kuna karibu ya mdomo na kuna karibu yenye tarehe. Mwandikie kila mmoja peke yake, taja siku, taja kwamba mna pa kulala, kisha tulia. Anayekutaka atakuuliza mnafika saa ngapi na watoto wanapenda nini. Asiyeweza, huenda anauguza, huenda ndoa inayumba, huenda nyumba ni ndogo na anaona haya. Naye atapata mlango wa kutokea bila aibu. Ukishapata majibu hayo hutaniuliza umpunguze nani. Mwenye karibu ya mdomo atakuwa amejipunguza mwenyewe, mkutane naye kwa chakula kimoja tu mjini, na bado mtakuwa mmeonana.

Watoto wenu msiwalazimishe kupendana. Kwa sababu mama zao walishirikiana sufuria moja haina maana wa miaka 9 atampenda mtoto asiyemjua. Wapelekeni nje penye nafasi ya kukimbia, muwape mpira, mgeuze shingo.

Tuje kwa mwenye kopa jekundu. Naona barua yako yote ilikuwa inamzunguka yeye.

Unaogopa utasema nini. Mimi naogopa utasema "pole". Usiende na pole ya jambo la miaka mingi iliyopita, utamfanya akumbuke kwamba ninyi watatu mlikuwa mnalizungumza. Na kuacha uzamivu si kioja. Utafiti uliofuatilia wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vya Marekani na Kanada, matokeo yakatoka mwaka 2008, ulikuta kwamba baada ya miaka 10 waliokuwa wamemaliza ni takriban asilimia 57. Waliobaki ni umati, mwanangu, na wana maisha. Huenda mwenzako anafanya kazi anayoipenda kuliko wewe yako. Huenda jambo hilo analifikiria kila siku. Hujui, na kopa haliwezi kukwambia.

Usiulize "siku hizi unafanya nini", swali hilo kwake ni mtihani wa mdomo mbele ya jopo. Uliza kitu ulichokuwa ukikijua juu yake. Alikuwa akiimba anapoosha vyombo? Uliza kama bado anaimba. Akitaka kusema habari za chuo atasema mwenyewe, na wewe siku hiyo usiwe na ushauri wowote mfukoni. Na kama kuna siku alikuhitaji ukawa kimya, useme hivyo kwa sentensi moja, kisha mwendelee na mengine.

Unaona aibu kuanza baada ya kimya kirefu. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, wakakuta kwamba anayetafuta wenzake hudhani atafurahiwa kidogo kuliko anavyofurahiwa kweli, na furaha ya anayetafutwa huzidi pale asipotarajia. Mimi singehitaji majaribio hayo. Nimewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo nikiwa na unga mikononi, nikausoma nimesimama, chungu kikaungua.

Mwandikie hivi, au kwa maneno yako: "Tutakuwa mjini kwenu Jumanne na Jumatano, tumeshapata pa kulala. Ningependa kukuona, hata kwa saa moja, nyumbani au popote, peke yako au na watu wako. Kama siku hizo hazifai, nitakupigia tu nisikie sauti yako. Nimeikuta picha yetu ile ya ngazini, umevaa koti langu, na bado nalidai."

Kama hamna picha ya koti, ipo nyingine. Itafute, ichapishe nakala tatu za karatasi, kila nyumba nakala yake. Watoto wao watawacheka nywele zenu mpaka wasahau kwamba ninyi ni wageni. Ujumbe huo utume leo usiku, kabla hujauhariri mara ya nne ukaufuta.

Shangazi