Steringi Aliyeshindwa Kesi

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umeitazama tena Big Daddy, ile picha ya Adam Sandler niliyokuwa nikiwawekea Jumapili baada ya chakula, na safari hii hukucheka. Ukaenda kusoma wahakiki, ukakuta wameiponda. Sasa unataka kujua baba yako alikuwa anaona nini pale, au ni kwa sababu nyumbani tulikuwa na mkanda mmoja tu.

La mkanda mmoja ni kweli. Bwana wa maktaba ya video alipofunga duka aliniuzia ule kwa bei ya kutupa, na mwenye deki lazima awe na cha kuweka.

Wahakiki nao sina ugomvi nao. Sonny, jamaa anayeigizwa na Sandler, ana miaka 32, kasomea sheria lakini mtihani wa uwakili haugusi. Anafanya kazi siku moja kwa wiki kwenye kibanda cha ushuru wa barabara, siku zilizobaki anakula fidia ya teksi iliyomkanyaga mguu. Mchumba amechoka naye. Mtoto wa miaka mitano analetwa mlangoni, tena si wake, ni wa rafiki anayeishi naye, na yeye anamchukua ili yule dada aone kwamba jamaa amekua. Mtoto kama kitenge cha kuombea msamaha! Kisha anamfundisha kukojoa kwenye ukuta wa watu na kuwategea vijiti wanaoteleza na viatu vya magurudumu bustanini, na uchafu nyumbani unafunikwa kwa gazeti. Mhakiki Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times aliipa nyota moja na nusu kati ya nne. Malalamiko ya wengi yalikuwa hayo hayo: picha inatuchekesha kwa malezi mabaya, halafu inatudai machozi kwa malezi hayo hayo. Ni kweli. Huwezi kula mtaji na faida kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2000 Sandler akapewa Razzie, ile tuzo ya dhihaka, kama mwigizaji mbaya kuliko wote. Wakati huo watu walikuwa wameshalipa zaidi ya dola milioni 230 kuitazama duniani kote. Usinielewe kwamba fedha zinamtetea. Gongo nayo inauzwa.

Mimi nilikuwa nasubiri ile sehemu ya mahakamani, Sonny anapopigania abaki na mtoto. Unakumbuka? Marafiki wanapita mmoja mmoja kumsifu Sonny, wema wote, lakini hakuna uzito. Mwishoni yeye mwenyewe anapanda kizimbani na kumtaka baba yake, mzee Lenny, wakili, ndiye azungumze naye. Na mzee hamwamini. Anasema wazi mbele ya watu kwamba mwanawe hajawa mtu wa kulea. Wanabishana pale pale, mpaka mzee analainika na kumdhamini. Na bado hakimu haguswi! Mtoto anakwenda kwa baba yake wa damu. Komedi ngapi umeona steringi anashindwa kesi? Ni kweli baada ya mwaka na ushei wanamrundikia kila kitu, uwakili, mke, mtoto wake mwenyewe, na hapo wahakiki wanaweza kutapika sukari, siwazuii. Lakini ile hukumu ilikuwa hukumu.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama yako hapendi nilisimulie. Siku tuliyopeleka posa kwao, mshenga alinisifu mpaka mimi mwenyewe nikageuka kutazama anamsema nani. Alipomaliza, babu yako, baba yangu mimi, akakohoa. Akasema, "Huyu ninamjua mimi. Bado ni mtoto. Ila mkimpa, nitakuwa naye." Wakwe walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na nilimnunia mzee karibu mwaka mzima. Nilikuwa kijana wa kijiweni, draftini asubuhi mpaka magharibi, na kila mtu pale ukumbini alijua. Yeye tu ndiye aliyelisema.

Kwa hiyo nilipomwona Lenny amesimama mbele ya hakimu, sikuwa natazama uigizaji wa Sandler. Kama aliigiza vibaya, alaumiwe. Mhakiki kazi yake ni kupima picha, na alipima. Hakuwepo ukweni kwetu siku ile, angejuaje?

Wewe hukucheka, sawa. Una haki, na pengine vile vijiti vya bustanini havikuwahi kuchekesha. Tulikuwa tunacheka kwa sababu kaka yako alikuwa anacheka. Ile ya kukojoa nilikuwa naipeleka mbele kwa rimoti mama yako akiwepo sebuleni. Akiwa jikoni, naiacha.

Babu yako aliitazama na sisi mara moja tu, Krismasi moja alipokuja kututembelea. Nilimwekea makusudi, kiti cha mbele kabisa. Alisinzia kabla hawajafika mahakamani. Nikapunguza sauti, sikumwamsha.

Baba yako